Mbuga ikikauka Agosti bado ni mbuga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu mbuga za pembezoni mwa Jiji la Dodoma, hasa zinazopakana na maeneo mapya ya ujenzi. Sisemi mbuga za wanyama, bali mabonde tambarare ya mfinyanzi yanayotuamisha maji masika na kukauka kiangazi. Ukaguzi wa maeneo haya mara nyingi hufanyika kiangazi, gari likiwa linapita popote. Mkaguzi anakuta nyasi kavu na ng'ombe wawili watatu, anaandika "malisho", viwanja vinakatwa. Januari maji yanarudi mahali pake na kukuta msingi wa mtu.

Ukihoji, unajibiwa kwa mita 60 za Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zile zinazotakiwa kuachwa kando ya maji bila kuendelezwa. Ni kinga nzuri kwa mto wenye kingo au bwawa kama la Hombolo. Mbuga haina kingo. Hizo mita unaanza kuzihesabu wapi? Masika haya maji yanafika kwenye mibuyu, yajayo hayaonekani kabisa. Kwa hiyo lazima kwanza ijulikane ardhi oevu hiyo (yaani ardhi inayolowa maji mwaka mzima au kwa msimu) ni ya aina gani na inaishia wapi, ndipo mtu ashike futi kamba.

Wala si lazima kusubiri mvua. Chimba shimo la nusu mita. Udongo unaotuamisha maji muda mrefu hukosa hewa, chuma kilichomo kikabadilika, ukawa wa kijivu wenye madoa ya kutu kando ya mizizi. Madoa hayo hayaondoki kwa sababu ya jua la Agosti. Kwenye udongo mweusi sana huwa hayaonekani vizuri. Hapo tazama matete na ndago, na uwaulize wenyeji walikuwa wakijaribu mpunga wapi. (Hili la mwisho ni bure, na ndilo linalorukwa.)

Tanzania imo katika Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu, tangu mwaka 2000, na mkataba huo unatambua ardhi oevu ya kudumu na ya muda. Maeneo yetu manne yaliyoorodheshwa humo, kama Bonde la Kilombero na Ziwa Natron, yako mbali na hapa. Sidai kila mbuga ya kitongoji ipelekwe huko. Sheria yetu wenyewe inampa waziri uwezo wa kutangaza ardhi oevu kuwa ya kuhifadhiwa.

Na hapa si habari ya ndege na vyura peke yake. Dodoma imekunywa maji ya visima vya Makutupora kwa miongo mingi. Vipimo vya visima hivyo vinaonyesha kwamba akiba ya chini haijazwi kila mwaka. Hupanda hasa miaka ya mvua kubwa, kama El Nino ya 1997/98. Mfinyanzi wa mbuga wenyewe haupitishi maji mengi, lakini huyapunguza kasi, nayo huzama kwenye mchanga wa makorongo. Mwaga kifusi, jenga mtaro wa zege, na mvua hiyo adimu itapita mbio kuelekea Mto Kinyasungwe.

Ninaloomba ni dogo. Kabla mchoro wa viwanja haujapitishwa, Jiji, NEMC (baraza la taifa la mazingira) na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu wakague eneo kiangazi na masika, na ramani ya mbuga ibandikwe ofisi ya mtaa. Mnunuzi aione kabla hajalipa.

Mkazi wa Makutupora,
Dodoma