Barua kutoka kaunti ya Cherry

Valentine, Nebraska

Baba Upendo, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako na nyumba nzima. Mimi mzima, na kazi ya mifugo inakwenda vizuri.

Umeniuliza kama huku niliko kuna watu kweli, maana kwenye ramani umeona mji mmoja tu, na pembeni yake hakuna kitu. Ramani haikukudanganya. Kaunti hii ya Cherry, katika jimbo la Nebraska, Marekani, ina kilomita za mraba zaidi ya 15,400. Mkoa wetu wa Kilimanjaro wote ungeenea ndani yake, na nafasi ingebaki. Sensa ya 2020 iliwakuta watu 5,455. Kwetu, sensa ya 2022 iliwakuta zaidi ya milioni 1.8! Karibu nusu ya watu wa hapa wanaishi Valentine, makao makuu ya kaunti. Wengine wametawanyika kwenye vijiji kama Cody, Merriman na Wood Lake, na kwenye ranchi ambako kumfikia jirani ni safari ya gari. Hata saa zinatofautiana: Valentine ikiwa saa nne asubuhi, Merriman, karibu kilomita 100 upande wa magharibi, bado ni saa tatu. Ukipanga kukutana na mtu, lazima mkubaliane kwanza mnafuata saa ya wapi.

Lakini usidhani ni jangwa. Ni nyasi, Baba Upendo, nyasi mpaka macho yachoke, na chini yake mchanga mtupu. Vilima hivi vilirundikwa na upepo zamani sana, vingine vinafikia mita 120 kwenda juu. Eneo lote huitwa Sandhills, na Amerika yote, Kaskazini na Kusini, haina eneo la vilima vya mchanga linalolizidi kwa ukubwa. Mizizi ya nyasi ndiyo inayoushikilia mchanga usihame. Mvua ikinyesha, maji hayatiririki, yanazama hadi kwenye hifadhi ya chini ya ardhi iitwayo Ogallala. Mabondeni yanachomoza tena, ndiyo maana kuna maziwa madogo mengi, na mto Niobrara haukauki kwa sababu tu mvua imechelewa.

Sasa, hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini watu ni wachache. Ukiitifua ardhi hii kwa jembe, upepo unaingia pale pale na kuchimba shimo, na shimo linapanuka. Kinachofaa ni ng'ombe, tena wenye nafasi kubwa ya malisho. Hakuna kaunti Marekani yenye ng'ombe jike wa kuzalisha ndama wa nyama wengi kuliko hii, wanapita 150,000. Ukiwagawia watu, kila mmoja, hata mtoto mchanga, anapata zaidi ya ishirini na tano!

Kabla ya ranchi, hapa ndipo walipowinda Walakota, wenyeji wa asili, ambao leo ardhi waliyotengewa ya Rosebud iko ng'ambo tu ya mpaka, jimbo la South Dakota. Kisha zikaja sheria za kuwagawia walowezi ardhi. Ile ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, ambazo hapa si kitu. Mwaka 1904 mbunge Moses Kinkaid akapitisha sheria ya kutoa ekari 640, na watu wakamiminika. Kufikia 1920 kaunti ilikuwa na watu zaidi ya 11,700.

Miongoni mwao walikuwa Weusi, na habari yao imenigusa kuliko yote. Kuanzia 1907 walijenga makazi yao kando ya mto North Loup, si mbali na Brownlee, wakayaita DeWitty. Baadhi walitoka katika familia zilizokimbilia Kanada enzi za utumwa. Walijenga nyumba za matofali ya udongo yaliyokatwa pamoja na nyasi zake, wakawa na kanisa, shule na timu ya besiboli. Fikiria watu ambao wazazi wao walikuwa mali ya mtu, sasa wana hati ya ardhi mkononi! Lakini hata ekari 640 za mchanga hazikutosha kulisha familia. Kufikia miaka ya 1930 karibu wote walikuwa wameondoka. Kibao cha kuwakumbuka kiliwekwa 2016. Naona kilichelewa mno.

Wazungu nao waliuza na kuhama, ranchi zikamezana, na kila sensa tangu 1920 imepata watu wachache kuliko iliyotangulia. Mimi siamini kwamba uchache huu ni kosa. Ardhi hii haibebi wengi. Kinachoniuma ni kwamba wachache wakizidi kupungua, shule na duka vinafungwa. Pale Cody kijiji kilikaa miaka bila duka la vyakula, mpaka wanafunzi wa sekondari walipojitwika kazi hiyo. Duka lenye kuta za marobota ya majani makavu lilifunguliwa 2013, na wao ndio waliolisimamia. Nawaheshimu sana watoto wale.

Wewe unafundisha jiografia. Wape wanafunzi wako takwimu hizi bila kuwatajia nyasi wala mchanga, waulize kwa nini watu ni wachache, kisha uniandikie walichojibu. Na uniambie mvua za vuli zimeanzaje huko, na kama Upendo amepata shule.

Msalimie sana Mama Upendo.

Ndugu yako,
Eliya