Homa ya mgunda na ubishi wa kijiweni

Mhariri,

Julai 2022 redio iliposema Ruangwa, mkoani Lindi, kuna ugonjwa usiojulikana, watu wanatokwa damu puani, kijiweni kwetu tulicheka. "Janja hiyo, wanataka kutuchoma chanjo nyingine," nilisema mimi mwenyewe, kikombe cha kahawa mkononi. Siku chache baadaye Ummy Mwalimu, Waziri wa Afya wakati huo, akautaja: homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Watu watatu walikuwa wameshafariki.

Nikaikumbuka ndoo yangu ya maji, haina mfuniko, na panya wanavyokimbizana darini usiku kucha.

Ila nanyi waandishi mna lenu. "Ugonjwa wa ajabu" mnauweka mbele kwa wino mwekundu. Jina lake likipatikana, tulitafute ndani, karibu na matangazo ya viwanja.

Mnywa kahawa,
Nachingwea