Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Arusha kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Yah: Kuchoma chanjo ya kichaa cha mbwa ndani ya ngozi, na kuisogeza hadi vituo vya afya

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mtu aliyeng'atwa na mbwa Longido, Loliondo au Meru anatakiwa afanye mambo mawili, na yote hayasubiri. La kwanza ni kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Kirusi cha ugonjwa huu kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Dakika 15 ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kunawisha mara moja na kufunga bandeji hakuhesabiki. Pasipo na bomba, dumu lenye koki linatosha. Baada ya hapo ipakwe ayodini au spiriti, siyo ugoro wala mafuta ya taa, na kidonda kisishonwe isipokuwa pamelazimu.

La pili ni chanjo, na hapa ndipo watu wanapokwama. Inapopatikana mjini tu, mgonjwa wa Loliondo hulipa nauli kila mara anapotakiwa kurudi, anachoka, anaacha katikati. Dalili zikishaanza, tiba hakuna. Ombi letu ni kwamba chanjo ichomwe ndani ya ngozi mkoa mzima, na kila halmashauri iteue vituo vya afya vya kuitoa badala ya kuiacha hospitali peke yake.

Hesabu yake ni hii. Kwa njia ya msuli, mgonjwa hupewa kichupa kizima kila anapokuja: siku ya 0, ya 3, ya 7, na mara ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Vichupa 4, safari 4. Kwa njia ya ngozi, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipitisha kwa ratiba fupi mwaka 2018, anachomwa ml 0.1 bega la kushoto na ml 0.1 bega la kulia, siku ya 0, ya 3 na ya 7, basi. Jumla ni ml 0.6. Kichupa cha ml 0.5 kinatosha wagonjwa 2 kwa siku, cha ml 1 wagonjwa 4 au 5.

Wapo watakaosema vituo vyetu havina wagonjwa wa kutosha, kichupa kitamwagwa. Ni kweli kikishafunguliwa hukaa saa 6 hadi 8 tu kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, kisha hutupwa. Lakini tuchukue hali mbaya kuliko zote: mgonjwa anakuja peke yake mara zote tatu, na kila mara kichupa kinafunguliwa kwa ajili yake. Vimetumika vichupa 3. Kwa msuli vingetumika 4. Hata kwa kumwaga, bado tumepata faida, na yeye amepunguziwa safari. Tena mbwa mwenye kichaa mara nyingi hang'ati mmoja. Majirani huja pamoja na kichupa hugawanywa siku hiyo hiyo.

Ufundi upo tayari. Muuguzi anayechoma BCG (chanjo ya kifua kikuu) kwa watoto wachanga anajua kuilaza sindano. Dawa ikiingia pake, ngozi huinuka kijivimbe cha milimita 6 hadi 8 chenye vishimo kama ganda la chungwa. Kijivimbe kisipotokea, sindano imezama chini ya ngozi, na dozi hiyo irudiwe pembeni kidogo. Isichomwe takoni kwa njia yoyote ile, kwa kuwa mafuta ya pale huizuia chanjo kufanya kazi.

Bomba la sindano nalo liangaliwe. La sindano inayochomoka hubakiza tone shingoni kila dozi, na kwenye ml 0.5 tone hilo ni mgonjwa mzima aliyepotea. Ya insulini yenye sindano isiyotoka ni mazuri, ila kuna yenye alama 100 kwa ml 1 na kuna yenye alama 40. Ml 0.1 ni alama 10 kwenye la kwanza na alama 4 kwenye la pili. Kituo kipewe aina moja tu, tusitafutane lawama baadaye.

Wafamasia wengine husita kwa sababu karatasi ya ndani ya boksi inataja msuli pekee. WHO imeshalisemea: chanjo yenye nguvu ya angalau IU (vipimo vya kimataifa) 2.5 kwa dozi ya msuli inafaa kwa njia zote mbili. Waraka mmoja kutoka ofisi yako ungemaliza mjadala.

Kingamwili ya kuchoma kidondani (IU 20 kwa kilo, au 40 ile itokanayo na farasi) ni ghali na haitafika kila kituo. Ibaki hospitali, kwa vidonda vilivyotoboa ngozi. Ila mgonjwa asiambiwe asubiri kingamwili ndipo aanze chanjo. Aanze papo hapo, kwa kuwa kingamwili inaweza kufuata ndani ya siku 7 tangu sindano ya kwanza ya chanjo. Mjamzito anachanjwa. Aliyechelewa mwezi mzima anachanjwa pia.

Kwa afisa mifugo tuna neno moja: mbwa akikamatika afungwe aangaliwe siku 10, maana akibaki mzima mgonjwa anaacha sindano. Akiuawa, kichwa kiende kwenye barafu maabara ya veterinari Arusha, si kutupwa korongoni. Na kampeni ya chanjo ya mbwa isiwaruke watoto wa mbwa. Bila kufikia asilimia 70 ya mbwa wote, sisi tutaendelea kupokea watu.

La mwisho halihitaji bajeti. Siku ya 0 ni siku ya sindano ya kwanza, siyo ya kung'atwa. Anayeanza Alhamisi, siku yake ya 3 ni Jumapili. Kituo cha afya hakifungwi, lakini friji ya chanjo iko chumba cha kliniki ya mama na mtoto, na ufunguo huondoka na muuguzi Ijumaa jioni. Tunaomba uelekeze ufunguo wa pili ukae kwa muuguzi wa zamu wodini, pamoja na daftari la wanaotarajiwa Jumamosi na Jumapili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Watumishi wa afya na mifugo, Arusha