Jumamosi: tukautambue ule mmea wa Hombolo

Habari za jioni wapendwa. Ule mmea wa kwenye picha, tafadhali mtu asiupike bado. Ukiwa mchanga, mnanaha hudhaniwa mnavu, ile mboga ya majani, kumbe mnanaha ni sumu, majani mpaka mbegu. Mnavu una viua vidogo kama nyota na vitunda laini vya duara. Mnanaha una ua refu kama tarumbeta, tunda la miiba, na jani ukilifikicha linanuka vibaya. Huu wetu haujachanua, ndiyo maana nina wasiwasi.

1. Jumamosi saa 1:00 asubuhi, kituo cha daladala Ihumwa.
2. Nauli 3,000 kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi.
3. Mwenye bibi anayejua mboga za porini, tunamwomba aje naye.

Anayekuja aandike "nipo" leo hii, jamani.