Siyo kila "afraid" ni woga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Kile kisanduku chenu cha kujifunza Kiingereza wiki iliyopita mliweka maneno ya woga, mkaandika afraid ni kuogopa, terrific ni ya kutisha, basi imeisha hiyo. Mi ni dereva wa watalii huku Arusha, nina miaka 11 kwenye hii kazi, na hayo maneno mawili yalishaniumbua kwa hiyo nimeshindwa kunyamaza.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na mama mmoja wa Kiingereza, tumetoka Tarangire tunaenda kulala Karatu, jua linazama, tunakaribia Mto wa Mbu akaniambia "I'm afraid we won't have time for the market." Mi nikadaka hiyo afraid tu. Nikaanza kumtoa hofu, mama usiogope kabisa, hili soko ni salama, watu wema, mi mwenyewe ntakuwa nyuma yako, na gari nikapaki. Mama wa watu akashuka kwa adabu, akazungushwa soko zima kashika ndizi nyekundu mkononi, Karatu tukafika usiku chakula kimepoa. Kumbe alikuwa anasema bahati mbaya muda hautatosha! Mwingereza akitaka kukukatalia kitu anaanza na hiyo afraid, hakuna anachoogopa, ni kama sisi tunavyoanza na "samahani ndugu yangu" halafu hela hukopeshwi.

Terrific ndo ilileta msiba. Mpishi wetu wa kambi alipika supu ya maboga, mgeni akaonja akasema "this is terrific", mpishi akaganda na upawa wake, akarudi kwenye hema la jiko akaimwaga supu yote iliyobaki. Dakika tano mgeni anatoa bakuli aongezewe. Sasa mtu angemlaumu vipi, si hata kisanduku chenu kinasema ni ya kutisha? Na kweli zamani ilikuwa hivyo, kuna mshairi wao Milton mwaka 1667 aliitumia kwa manyoya ya shingoni ya nyoka, lakini leo maana yake ni safi sana, bomba. Ndugu yake terrible yeye kabaki kwenye ubaya, ila "terribly sorry" ni samahani sana tu, na awful nayo ni hivyo hivyo, chakula awful ni kibovu ila mtu "awfully kind" ni mwema mno, usinune.

Na tusijifanye tunashangaa. Kijana wa hapa kijiweni akimaliza kuimba si anaambiwa "umetisha mwanangu"? Huyu dogo hatari, ile goli noma, baridi kufa mtu. Mzungu anayejifunza Kiswahili na kikamusi mkononi akisikia hayo si anakimbia.

Kuna mahali lugha zinakutana vizuri na hapo ndo mngetusaidia. Nightmare ile mare siyo farasi kama wengi tunavyodhani, ni pepo waliloamini linamkalia mtu kifuani akiwa usingizini, yani jinamizi letu lile lile. Ila mgeni akikwambia "the airport was a nightmare" hajaota kitu, kapangwa foleni tu na begi limechelewa. Halafu frighten na threaten msizichanganye, sisi tunazo tayari, kutisha na kutishia. Tembo akikupanulia masikio akatupa mchanga huyo anakutishia, anakwambia rudisha gari nyuma, ukirudisha yameisha. Ila ukikata kona ukamkuta kasimama katikati ya barabara anakula zake majani, huyo kakutisha tu na wala hana habari na wewe.

Kingine kidogo, ukitaka kusema mtoto aliyeogopa, a scared child sawa, a frightened child sawa, ila an afraid child hakuna, ni the child is afraid. Hiyo nilisahihishwa na mtoto wa mgeni wa miaka tisa, mbele ya wazazi wake.

Mpishi nilimweleza usiku ule ule. Siku hizi mgeni akisema terrific nasikia sauti kutoka hema la jiko, "dereva, leo nimetisha!"

Msomaji wenu,
Arusha