Risala ya kikundi cha wakulima wa mahindi kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, makamanda, maafisa ugani, wazee wetu na wakulima wenzetu, karibuni sana Ruvuma.

Wazee waliokaa mbele yako wanaukumbuka ukame wa 1973 na 1974, nchi ilipoagiza chakula nje, Serikali ikatangaza Kilimo cha Kufa na Kupona. Kwa hiyo ghala la taifa, kwetu, si habari ya mjini.

Mheshimiwa, tunashukuru. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023 imetufikia, na NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, inanunua mahindi yetu. Vijana wetu waliopita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoshika jembe tangu 1963, wamerudi na ujuzi. Mmoja wao ndiye aliyetupimia shamba darasa kwa kamba: sentimita 75 mstari hadi mstari, 30 shimo hadi shimo, punje moja moja. Sisi tuliozoea kutupa punje tatu au nne tumejifunza kwa mtoto wetu, na mabua mnayaona.

Linalotuumiza ni unyevu. Mahindi yakizidi asilimia 13.5 hayapokelewi, nasi tunakubali, maana mahindi mabichi huota ukungu, na sumukuvu, sumu ya ukungu huo, inaua watu. Lakini huku tunapima kwa meno. Ukiuma punje ikalia ka, tunasema imekauka. Mwaka jana mama mmoja wa kikundi alikodi gari hadi kituo cha kununulia, kipimo kikasoma 15. Akageuzwa na magunia yake yote. Nauli ya kurudi hakuwa nayo, akamuuzia mlanguzi palepale, kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo.

Mheshimiwa, tunaomba kipimo kimoja cha unyevu kikae hapa kijijini, kwa afisa ugani, mzigo upimwe kabla haujapakiwa. Tunaomba pia matrekta ya kikosi cha JKT, yakimaliza mashamba ya jeshi, yaje kwetu kwa kukodi kabla mvua hazijakolea. Mafuta tutachanga.

Kwa upande wetu, turubai 12 tumenunua wenyewe, kiwanja cha ghala kipo na tofali zimeshafyatuliwa. Mabati ndiyo yametushinda.

Yule mama tuliyemtaja yupo hapa, mstari wa pili. Mahindi yake ya mwaka huu bado yako juani, na gari hajakodi.

Tunaomba kuwasilisha.