Vyuo vifundishe kuhariri video bila kumhukumu mtuhumiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na walimu wa vyuo vinavyofundisha uandishi wa habari na utengenezaji wa filamu hapa Dodoma, kuhusu jambo nililolishuhudia kwenye kompyuta yangu mwenyewe na ambalo sidhani kama ni la chuo kimoja tu.

Kazi yangu ni kuhariri video, hasa za harusi na mikutano. Miezi michache iliyopita wanafunzi watano waliniletea makala ya video waliyoitengeneza kuhusu wizi wa pikipiki za bodaboda, wakaniomba niwasaidie kusawazisha rangi na sauti kabla ya kuikabidhi kwa mwalimu wao. Walikuwa wamejituma kweli. Walikwenda vijiweni usiku, wakazungumza na watu waliopoteza mtaji wao wote kwa usiku mmoja, na wakampata kijana aliyekuwa nje kwa dhamana baada ya kukamatwa akiendesha pikipiki iliyoibwa. Kijana huyo ni deiwaka: hana pikipiki wala mkataba, bali hupokea chombo cha mwenzake kwa saa chache na kurudisha hesabu.

Katika nakala waliyoniletea, kijana anaulizwa jinsi alivyoipata ile pikipiki, naye anajibu huku maandishi yakipita chini ya skrini: "Nilijua ni ya wizi." Nilishtuka, kwa sababu si kawaida ya mtu mwenye kesi mahakamani kukiri hivyo mbele ya kamera ya wanafunzi, tena bila kubanwa. Nikaomba faili la awali. Mahojiano yalifanyika nje, mchana, na anayeufahamu upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti hahitaji maelezo zaidi. Upepo ulipiga kipaza sauti cha simu mwanzoni kabisa mwa jibu, ukameza silabi mbili, ikabaki "…jua ni ya wizi". Nilipopunguza mngurumo wa chini na kuvaa vipokea sauti, nikarudia kusikiliza mara ya tatu, ndipo nikasikia alichosema: "Sikujua ni ya wizi." Aliyeandika yale maandishi alikuwa amekisia, na alikisia akiwa ameshaamini kwamba kijana ni mwizi.

Lugha yetu huweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, na mwanzoni mwa sentensi ndipo hasa mhariri anapopitisha mkasi wake ili aondoe pumzi, kigugumizi na ile "aah" ya mtu anayejifikiria. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, yaani picha moja moja zinazoiunda video, silabi mbili za mtu anayezungumza haraka hazizidi fremu nane au tisa, kwa hiyo anayeburuta ncha ya klipu kwa kidole kwenye simu anaweza kuzipita bila kujua kwamba amegeuza kukana kuwa kukiri. Mafunzo ya kuhariri tunayoyapata mtandaoni mengi ni ya Kiingereza, na hayana sababu ya kutuonya juu ya hatari hii. Programu nazo zinazidi kurahisisha mambo, kwani baadhi zina kitufe cha kuondoa ukimya wote kwa mara moja. Kwenye video ya mapishi sina neno. Kwenye mahojiano ya mtuhumiwa, ukimya kabla ya jibu ni sehemu ya jibu.

Lilikuwapo kosa jingine, na hili halikusababishwa na upepo. Baada ya mama mmoja kulia akieleza jinsi pikipiki ya mwanawe ilivyochukuliwa, picha inahamia kwa yule kijana, naye anacheka. Katika faili la awali alikuwa akicheka kwa sababu mbuzi alipita nyuma ya mpiga picha na kung'ang'ania mkoba wake. Walioisoma historia ya sinema wanamkumbuka Lev Kuleshov wa Urusi, aliyeonyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba sura ileile ya mwigizaji, ikipangwa baada ya bakuli la supu au baada ya jeneza, humfanya mtazamaji aone njaa au huzuni ambayo haimo katika sura yenyewe. Wanafunzi wangu hawa walilijua jina hilo, maana walilijibia mtihani. Hawakudhani kwamba linawahusu wao na yule mbuzi.

Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Naelewa kwamba ibara hiyo haikuandikwa kwa ajili ya wahariri wa video. Lakini jirani wa kijana yule, akishaitazama makala kwenye simu yake, hatasubiri hukumu ya hakimu.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Kabla mwanafunzi hajafungua programu ya kuhariri, aandike mahojiano yote ya mtuhumiwa kwenye karatasi, neno kwa neno, akionyesha dakika na sekunde, na pasiposikika aandike kwamba hapasikiki. Kisha mwenzake ambaye hakuwapo kwenye mahojiano alinganishe karatasi hiyo na nakala ya mwisho, na mwalimu azitazame zote mbili kabla ya kutoa alama. Faili za awali zisifutwe mpaka kesi iishe, hata kama diski imejaa. Na kuhusu kuficha sura, ule ukungu unaofuata uso hupotea mtu anapogeuka ghafla, na fremu moja iliyo wazi inamtosha yeyote anayejua kusimamisha video. Ni afadhali mtu apigwe picha kwa nyuma tangu mwanzo, na namba ya pikipiki isionekane.

Wanafunzi wale walinisikiliza, ingawa mmoja alinuna, kwa kuwa ile "Nilijua ni ya wizi" ndiyo iliyokuwa kilele cha makala yao. Walirekebisha maandishi, wakarudisha jibu lote la kijana pamoja na swali lenyewe, wakaondoa kicheko. Makala ikazidi muda waliopangiwa kwa sekunde 40. Wakabishana nusu saa, mwishowe wakafuta mwanzo wao wote, yaani mashamba ya zabibu ya Hombolo wakati wa machweo. Zilikuwa picha nzuri sana, lakini hakuna pikipiki iliyoibwa pale.

Mhariri wa video,
Nzuguni, Dodoma.